Siku Moja Katika Mji wa Wathesalonike

Jina la Thesalonike si geni masikioni mwa watu wa Afrika ya Mashariki. Kila aliyepata kuifungua Biblia ya Kiswahili ameziona zile nyaraka mbili za Mtume Paulo kwa Wathesalonike, na pengine amezisikia zikisomwa miaka na miaka; lakini ni wachache waliopata kujiuliza mji huo uko wapi, na kama ungaliko hata leo. Uko, tena ni mji mkubwa. Uko kaskazini ya nchi ya Ugiriki, mbele ya ghuba ya bahari, na jina lake siku hizi huandikwa Thessaloniki. Kwa ukubwa ni wa pili katika nchi hiyo, baada ya Athens. Bandari yake ina meli, mitaa yake ina magari mengi kuliko nafasi ya kuyaweka, na katikati ya majumba marefu ya saruji mtu hukuta ghafula kanisa la matofali mekundu lililojengwa miaka elfu iliyopita, nalo limekaa chini ya usawa wa barabara kama ng'ombe aliyelala katika majani marefu.

Mji uliundwa yapata mwaka wa 315 kabla ya Kristo na Mfalme Cassander wa Makedonia, akaupa jina la mkewe, Thessalonike, ambaye alikuwa dada yake Alexander Mkuu kwa baba. Warumi walipoitwaa Makedonia walijenga barabara ndefu, Njia ya Egnatia, iliyotoka pwani ya magharibi mpaka upande wa mashariki, na mji huu ukawa kituo chake kikubwa. Kwa njia hiyo alifika Paulo, yapata mwaka wa 50. Alihojiana na watu katika sinagogi kwa sabato tatu, ghasia ikazuka, nyumba ya Yasoni ikavamiwa, na ndugu wakampeleka Paulo usiku mpaka Beroya. Hata Kaisari Constantine alipofungua mji mkuu mpya katika mwaka wa 330, yaani Constantinople, ambao watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliujua kwa jina la Stambuli, Thesalonike ukawa mkubwa wa pili katika dola ile ambayo wataalamu huiita Bizanti. Waturuki waliuteka mwaka wa 1430, wakautawala kwa karibu miaka 500, mpaka jeshi la Wagiriki lilipouingia mwaka wa 1912.

Kwa hiyo mji umepata mabwana wengi, na dini zaidi ya moja. Jambo la ajabu ni kwamba kazi za mabwana wale wote zingalipo, zimesimama zikitazamana, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kuziona nyingi kwa siku moja. Katika mwaka wa 1988 shirika la UNESCO liliyaandika majengo 15 ya mji huu ya zamani za Ukristo wa kwanza na za Bizanti katika orodha ya urithi wa dunia.

Wageni wanaotaka kutembezwa hukusanyika asubuhi chini ya tao la kale ambalo wenyeji huliita Kamara. Hapo ndipo pia vijana wa mji huagana kukutana, basi kiongozi wa wageni hulazimika kupaza sauti. Tao hilo lilimalizika yapata mwaka wa 303, kwa heshima ya Kaisari Galerius aliyewashinda Waajemi. Zamani lilikuwa na nguzo nene nane. Sasa zimebaki tatu. Juu ya nguzo yamebandikwa mawe ya marumaru yaliyochongwa safu juu ya safu: askari wanapigana, farasi wanakanyaga walioanguka, Waajemi wanakuja kujisalimisha pamoja na tembo wao, na Galerius anatoa sadaka mbele ya madhabahu. Nyuso nyingi zimelika kwa mvua na kwa moshi wa magari. Barabara kubwa inayopita kando ya tao huitwa Egnatia mpaka leo, na mabasi hupita juu yake usiku na mchana.

Viongozi wengi wana desturi ya kumwaga majina ya makaisari kama mtu amwagaye mahindi kutoka katika gunia, na mgeni hurudi nyumbani asikumbuke hata moja. Heri yule kiongozi asemaye machache na kumwacha mgeni asimame kimya mbele ya ukuta mmoja kwa robo saa. Na ukuta wa kusimamiwa hivyo uko hatua chache tu juu ya Kamara, katika jengo la mviringo linaloitwa Rotonda.

Jengo hili nalo ni la Galerius. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya nne, na wengi wamedhani alilitaka liwe kaburi lake, wengine kwamba lilikuwa hekalu. Kama lilikuwa kaburi, halikupata maiti yake, maana Galerius alikufa mwaka wa 311 akazikwa mbali, katika nchi ambayo sasa ni Serbia. Kuta zake zina unene wa futi 20, upana wa ndani ni futi 80, na kuba la matofali limepanda juu karibu futi 100 bila nguzo hata moja katikati. Mtu aingiapo kutoka katika jua hujiona amekuwa mdogo ghafula.

Galerius alikuwa mmoja wa wale waliowatesa Wakristo kwa ukali mwingi tangu mwaka wa 303. Haukupita muda mrefu baada yake, jengo lake likafanywa kanisa, na mafundi wakapanda juu ya majukwaa yao wakalijaza kuba kwa picha za Wakristo waliouawa kwa ajili ya dini yao. Wamesimama wameinua mikono katika sala, wamevaa kanzu za heshima, na nyuma yao yako majumba ya dhahabu yenye nguzo na mapazia na ndege. Kando ya kila mtu yameandikwa jina lake, na mwezi wa sikukuu yake, na kazi aliyoifanya: huyu alikuwa askari, huyu mganga, huyu mpiga zumari. Ni heshima ya namna yake kwamba fundi aliona kazi ya mtu yastahili kuandikwa kwa dhahabu pamoja na jina lake.

Picha hizi hazikupakwa kwa brashi. Ni nakshi za mozaiki, na namna ya kuzifanya yafaa kuelezwa, kwa sababu bila kuijua mtu huona uzuri asijue kazi. Fundi hupaka lipu mbichi ukutani, kiasi kile tu anachoweza kukimaliza kabla haijakauka. Kisha hupachika ndani yake vipande vidogo vya mawe na vya vioo vya rangi, kimoja kimoja, vingine vidogo kuliko punje ya mahindi. Kwa dhahabu, hutwaa jani la dhahabu jembamba mno akalitia kati ya kioo na kioo, kisha akakata vipande. Fundi hodari havilazi vipande vyote sawasawa. Huviinamisha kidogo, hiki hivi na hiki vile, ili nuru ikitembea, ukuta nao uonekane kutembea. Zamani nuru ilikuwa ya taa za mafuta na ya madirisha. Sasa ni ya taa za umeme, na wenye kutunza jengo wamefanya vema kutozizidisha.

Katikati ya kuba, mahali palipokuwa na picha ya Kristo, vipande vingi vimeanguka, na katika pengo hilo huonekana mistari ya mchoro ambao fundi aliuchora kwanza kabla ya kuanza kupachika. Hakuna mahali pengine katika matembezi ya siku hiyo ambapo mtu hukaribia mkono wa fundi mwenyewe namna hii. Mchoro ule ulikusudiwa kufunikwa milele.

Mwaka wa 1591 Rotonda ilifanywa msikiti, na nje yake ukajengwa mnara wa kuadhinia. Mnara huo ungalipo, nao ndio pekee uliobaki mzima katika mji ambao zamani ulikuwa na minara mingi. Baada ya mwaka wa 1912 jengo likarudi kuwa kanisa. Katika Juni 1978 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, likaua watu zaidi ya 40, na kuba la Rotonda likapasuka. Matengenezo yalichukua miaka mingi mno, hata watoto waliozaliwa mwaka ule wakakua na kuwa wazazi bila kupata kuliona kuba bila vyuma vya mafundi. Vyuma vya mwisho viliondolewa mwaka wa 2015.

Kutoka Rotonda wageni hufuata barabara kuelekea magharibi mpaka kanisa la Mtakatifu Demetrio, ambaye wenyeji humhesabu kuwa mlinzi wa mji. Yasemwa kwamba alikuwa Mkristo wa mji huu, akauawa kwa mikuki yapata mwaka wa 306 ndani ya hamamu ya Warumi, na juu ya mahali hapo kanisa likajengwa. Ni kanisa kubwa lenye njia tano ndefu zilizotengwa kwa safu za nguzo. Liliungua katika karne ya saba likajengwa tena. Mwishoni mwa karne ya 15 likawa msikiti. Lakini habari yake ya kuhuzunisha zaidi ni ya karne ya 20.

Mwaka wa 1907, wakati jengo lingali msikiti na lilipokuwa likitengenezwa, lipu ilibanduliwa katika ukuta wa upande wa kaskazini. Chini yake zikatokea nakshi za mozaiki, mstari mrefu wa picha za Demetrio pamoja na watu wa mji waliomletea watoto wao na shida zao. Zilikuwa zimekaa gizani kwa karne nyingi, na chokaa ile iliyozificha ndiyo iliyozilinda. Mwingereza mmoja, W. S. George, alikuja akazichora kwa rangi, kipande kwa kipande, kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa bahati. Tarehe 18 Agosti 1917 moto ulianza katika nyumba moja ya mji kutokana na cheche za jikoni. Upepo ulikuwa mkali, na maji yalikuwa machache. Moto uliunguza karibu theluthi moja ya mji, ukawaacha watu 70,000 bila makao, na kanisa la Demetrio likateketea. Zile nakshi za kaskazini zilionwa na watu kwa miaka 10 tu. Michoro ya George ingalipo.

Kanisa lililopo sasa lilijengwa tena juu ya kuta zilizosalia, likafunguliwa mwaka wa 1949. Waashi walizirudisha nguzo za kale zilizofaa, na mahali penye alama za moto hawakupaficha. Nakshi chache zilinusurika juu ya nguzo karibu na altare. Iliyo bora ni ile ya Demetrio amesimama kati ya askofu na liwali waliolitengeneza kanisa katika karne ya saba; amewawekea mikono mabegani kama mzee awashikavyo vijana wake wawili waliofanya kazi njema. Nyuso zao ni za watu hasa, si za sanamu: liwali amechoka, askofu ana macho makali.

Moto ule uliharibu mengi, lakini ulifunua pia. Chini ya altare kilionekana chumba cha chini ya ardhi kilichokuwa kimesahauliwa, mabaki ya ile hamamu ya Warumi, na hapo wageni hushuka kwa ngazi kuona birika la marumaru na mawe yaliyochongwa. Chumba hiki kina ubaridi, na katika mwezi wa Julai wageni hawataki kutoka.

Uwanja wa kale wa Warumi, ambapo zamani watu walifanya biashara na kukata mashauri, uko chini kidogo kuelekea baharini. Ulipatikana kwa bahati katika miaka ya 1960, wakati ardhi ilipochimbwa ili kujenga nyumba ya mahakama. Mahakama ikapelekwa kwingine. Palibaki viti vya mawe vya ukumbi wa michezo na kipande cha barabara, na kwa mtu asiye mtaalamu si mahali pa kukawia. Karibu yake liko lile kanisa jekundu lililotajwa, la Bikira wa Wafua Shaba, la mwaka wa 1028. Lina matofali mazuri kuliko yote mjini, na jina lake limetokana na mafundi wa masufuria ya shaba waliofanya kazi zao pande hizo.

Wakati wa adhuhuri wageni hula chakula. Wasiotaka kupoteza saa hununua kwa mchuuzi wa njiani mkate wa duara uliopakwa ufuta, wakala huku wakitembea, kama wafanyavyo makarani wa mji huo kila asubuhi.

Alasiri huanza na kanisa la Acheiropoietos, maana yake lisilofanywa kwa mikono. Ni la katikati ya karne ya tano, na kwa kuwa halikubadilishwa sana, mtu huona humo jinsi makanisa ya kwanza yalivyokuwa: marefu, meupe, yenye mwanga tele. Chini ya matao mna nakshi za ndege, matunda, maua na vyungu, bila picha ya mtu yeyote. Katika safu ya kaskazini iko nguzo moja ya marumaru yenye maandishi ya Kituruki kwa herufi za Kiarabu. Yasema kwamba Sultani Murad aliuteka mji katika mwaka wa 833 wa Hijra, nao ndio mwaka wa 1430. Kanisa hili lilikuwa la kwanza kufanywa msikiti. Wagiriki walipolipata tena wangeweza kuyakwangua maandishi hayo kwa siku moja, wala hakuna ambaye angewazuia. Hawakuyakwangua. Kwa mtu anayependa kujua mambo yalivyokuwa, nguzo hiyo ina thamani kuliko mapambo mengi.

Mbele yake kidogo liko kanisa la Hekima Takatifu, Ayasofia ya Thesalonike, lenye jina moja na ile kubwa ya Stambuli lakini dogo na zito kuliko hiyo. Ndani ya kuba lake, Kristo anapaa mbinguni akichukuliwa na malaika wawili, na mitume wamesimama kuzunguka chini yake kati ya mizeituni, kila mmoja na mshangao wake. Huyu ameshika shavu, huyu ameinua kichwa. Ni kazi ya karne ya tisa. Lakini kiongozi hodari humgeuza mgeni atazame nyuma ya altare, mahali ukuta unapopinda. Hapo ameketi Bikira Maria na mtoto juu ya dhahabu. Ukitazama vizuri dhahabuni, kushoto na kulia kwake, utaona alama hafifu za mikono ya msalaba. Katika karne ya nane na ya tisa watu wa Bizanti waligombana vikali, wengine wakisema picha takatifu ni ibada ya sanamu, wengine wakizitetea hata kufa. Wale wa kwanza walipokuwa na nguvu, ukuta huu ulitiwa msalaba peke yake. Waliposhindwa, mwaka wa 843, picha ziliruhusiwa tena. Msalaba ukaondolewa na Bikira akawekwa mahali pake. Fundi hakuweza kuifuta kabisa kazi ya yule aliyemtangulia.

Majumba ya makumbusho hayana nafasi katika siku kama hii. Ni vema kuyawekea siku ya pili, hasa lile la Sanaa za Bizanti, lililofunguliwa mwaka wa 1994, na lile la Mambo ya Kale, ambamo kuna chungu kikubwa cha shaba kilichopatikana kaburini Derveni, chenye uzito wa ratili 88 na rangi kama ya dhahabu. Mtu akiyakimbilia yote kwa siku moja hatakumbuka hata kimoja.

Basi mchana ukiwa umepoa, gari huwapandisha wageni mlimani, katika Mji wa Juu, ambao moto wa mwaka 1917 haukuufikia. Huko njia ni nyembamba, nyumba zina roshani za mbao, na kuta za boma la Bizanti zimesimama bado. Mlangoni pa kikanisa kidogo cha Mtakatifu Daudi wageni husubiri zamu, maana ndani hapatoshi kundi kubwa. Kristo anayeonekana humo ni kijana asiye na ndevu, ameketi juu ya upinde wa mvua, na chini ya miguu yake mito minne ya Peponi inatiririka yenye samaki ndani yake. Nabii mmoja ameinua mikono kwa hofu, mwingine ameshika shavu akitafakari. Nakshi hii ni ya karne ya tano au karibu na hapo, na hakuna nyingine mjini iliyo hai kama hii.

Hadithi ya kale ya nakshi hiyo inamhusu mtu wa Afrika. Yasemwa kwamba binti wa mfalme aliyekuwa Mkristo kwa siri aliagiza ifanywe, kisha kwa kuogopa hasira ya baba yake akaifunika kwa ngozi ya ng'ombe na lipu. Ikasahauliwa. Karne zikapita, hata mtawa mmoja wa jangwa la Misri, jina lake Senouphios, akaomba apate kuuona uso wa Kristo jinsi atakavyokuja siku ya mwisho. Akaambiwa aende Thesalonike. Akafunga safari kwa miguu na kwa chombo, akafika, akakaa akingoja. Na siku moja ardhi ikatetemeka, lipu ikaanguka, uso ukafunuliwa mbele yake. Akamshukuru Mungu, akafa papo hapo. Habari iliyo hakika yafanana na hadithi hiyo kwa namna ya ajabu: kanisa lilipokuwa msikiti nakshi ilipakwa lipu tena, na ni katika mwaka wa 1921 tu ilipotokea kwa mara nyingine, vipande vyake vikiwa salama.

Juu zaidi, penye ukuta wa boma, mgeni huuona mji wote umelala mpaka baharini, na siku ya hewa safi mlima Olympus hutokea ng'ambo ya ghuba. Nyumba ndogo zilizoegemea ukuta zilijengwa na wakimbizi wa Kigiriki waliotoka Uturuki katika miaka ya 1922 na 1923, wakati Waislamu wa Thesalonike nao walipohamishwa kwenda Uturuki. Waliokuja hawakuwa na kitu, basi ukuta wa miaka elfu na zaidi ukawapa upande mmoja wa nyumba bila malipo.

Hapo juu ndipo kiongozi mwaminifu huonyesha pia kile kisichoonekana. Upande wa mashariki, nyuma ya Rotonda, yako majengo mengi ya Chuo Kikuu cha Aristotle. Mahali hapo palikuwa na makaburi ya Wayahudi. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka wa 1492 walipokewa katika mji huu kwa maelfu, na hata mwaka wa 1900 walikuwa wengi kuliko watu wa taifa jingine lolote mjini. Mwezi wa Desemba 1942, mji ukiwa chini ya Wajerumani, makaburi hayo yalianza kuvunjwa, na mawe yake yakachukuliwa kujengea huku na huko. Mwaka uliofuata wenye makaburi wenyewe walitiwa katika magari ya mizigo ya reli, karibu watu 50,000, wakapelekwa Auschwitz, na wengi mno wakauawa. Kati ya masinagogi mengi ya mji limebaki moja kubwa la kabla ya vita, la mwaka wa 1927. Liliponea kwa sababu Msalaba Mwekundu ulilitumia kama ghala.

Mtu aliyeyatembelea majengo ya siku nzima huanza kuona sababu iliyoyaokoa. Rotonda, Demetrio, Acheiropoietos, Ayasofia, hata kikanisa cha Daudi, yote yalibadilishwa matumizi, yakapakwa chokaa, yakaongezewa minara na kuondolewa minara. Lakini kila mwenye kuyatwaa aliyahitaji, na kwa kuyahitaji aliziba paa lilipovuja. Makaburi ya Wayahudi hayakupata wa kuyahitaji. Waliobaki walihitaji mawe na kiwanja.

Swali hilo halikwisha zamani za vita. Katika mwaka wa 2006 serikali ilianza kuchimba reli ya chini ya ardhi kupita chini ya barabara ya Egnatia, maana magari yalikuwa yameujaza mji. Kila walipochimba walikuta kitu: makaburi, taa, pete, sarafu, hata vitu vilivyookotwa vikapita 300,000. Mahali panapoitwa Venizelou walikuta barabara yenyewe ya kale, imetandazwa marumaru, pamoja na njia panda na maduka ya wafanyabiashara wa Bizanti yaliyopangana kando yake kama mtaa wowote wa soko. Hapo ugomvi ukazuka. Wahandisi walisema mawe lazima yakatwe, yaondolewe, kituo kijengwe, kisha yarudishwe. Wataalamu wengi wa mambo ya kale walijibu kwamba barabara ikisha kung'olewa na kurudishwa si barabara tena, ni mfano wa barabara. Serikali moja iliamua hivi, nyingine vile, kesi zikafika mahakama kuu ya utawala, watu wakaandamana. Wakati huo wafanyakazi wa mji waliendelea kukaa saa nzima katika mabasi.

Hatimaye mawe yaliondolewa kipande kwa kipande, yakarudishwa kituo kilipojengwa, na tarehe 30 Novemba 2024 reli ilifunguliwa, yenye vituo 13 na urefu wa maili 6. Treni zake hazina dereva. Wageni humalizia siku yao katika kituo cha Venizelou, jioni, saa ambayo makarani wanarudi nyumbani. Abiria akishuka huipita barabara ile ya marumaru na kuta za maduka. Wengine husimama kutazama, wengi hupita haraka kwa kuogopa kuachwa na treni. Wenyeji wenyewe hawajakubaliana kama mji ulifanya vema au vibaya, na mgeni anayetaka kusikia Kigiriki kikisemwa kwa ukali na amwulize swali hilo kiongozi wake kabla ya kuagana naye.